Seremala wa Kihesa na visanduku vya koili vya Ford ya baba

Koili ya tatu, moja ya nne zinazotoa cheche za injini, ndiyo iliyonitesa kwa miaka miwili. Kiangazi, gari likiwaka, inanguruma sawasawa na wenzake. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, inanyamaza, na Ford ya baba inabaki na silinda tatu, inatetemeka mpaka kioo cha mbele kinalia. Nimebadilisha plagi, nimebadilisha waya, nimesafisha taima, kifaa kinachopangia kila koili zamu yake, mara sijui ngapi. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye mbao.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote huku Iringa, Njombe au Mbeya aliyeachiwa gari la zamani na anadhani hakuna fundi wa karibu wa kumsaidia. Yupo. Ni seremala, wala hajawahi kufungua injini. Karakana yake ipo Kihesa, haina bango. Utaitambua kwa fremu za milango zilizoegemezwa ukutani na vumbi la mbao linalofika mpaka barabarani.

Kwanza nieleze gari lenyewe, maana bila hilo hutaelewa kwa nini nimpeleke seremala kazi ya umeme. Ni Ford Model T ya mwaka 1924. Baba alikuwa dereva wa mkulima mmoja Mgiriki wa tumbaku. Mkulima alipofunga mizigo akaondoka, gari likabaki kwa baba, kwa sababu halikuwa na mnunuzi. Baadaye baba alihamia Mufindi kwenye chai, akalihifadhi kwenye banda la mabati. Aliyewahi kulala Mufindi mwezi wa sita anajua ukungu wa kule: nguo uliyoianika asubuhi unaianua jioni ikiwa bado na unyevu. Gari lilikaa kwenye hali hiyo zaidi ya miaka ishirini kabla sijalileta mjini.

Magari haya yalianza kutengenezwa mwaka 1908 na yakasimamishwa Mei 1927, zaidi ya milioni 15. Mfumo wake wa cheche ni wa peke yake. Kwenye gurudumu zito la nyuma ya injini kuna sumaku 16, zinazunguka mbele ya koili ndogo 16 zilizotulia. Hapo unazaliwa umeme mdogo, ambao nguvu yake inapanda kadiri injini inavyokimbia. Umeme huo unakwenda kwenye koili kubwa nne, moja kwa kila silinda. Kila koili ina pointi zake juu, na pointi hizo zinatetemeka kama kengele ya shule ya umeme. Ndiyo ile sauti ya nyuki unayoisikia ukiwasha swichi. Kila zinapoachana, umeme mdogo unageuka kuwa mkubwa wa maelfu ya volti, na cheche inaruka kwenye plagi.

Sasa, kila moja ya hizo koili nne imefungwa ndani ya kisanduku cha mbao, kinachoshikika kwa mkono mmoja. Ndani kuna misokoto miwili ya waya, kiini cha nyuzi za chuma na kondensa (kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme), vyote vimezamishwa kwenye lami. Visanduku vinne vinakaa ndani ya nyumba yao ya bati iliyo mbele ya magoti ya abiria, na ndani ya bati hilo kuna mbao nyingine inayoshika vidole vya shaba vinavyogusa koili. Mbao hizo zote kazi yake ni kuuzuia umeme usitoroke. Mbao kavu inauzuia vizuri. Mbao iliyokunywa maji inauachia, kidogo kidogo, mpaka siku moja umeme unachora njia yake nyeusi kwenye mbao. Njia hiyo ikishachoreka ni kaboni, na kaboni inapitisha. Tangu hapo cheche haina haja ya kwenda kwenye plagi, imepata mkato.

Nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja. Nilikuwa naijua nadharia yote hii na bado nilichelewa kuiona kwenye gari langu mwenyewe. Nilipoitoa koili ya tatu na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha, mstari ulikuwa pale pale, mwembamba kama unywele, umetoka kwenye kitufe cha shaba cha juu mpaka pembeni. Maungio ya kisanduku yalikuwa yameachia, na ubavu mmoja ulikuwa umeliwa na bungua mpaka ukawa kama andazi.

Hapa niseme neno moja kuhusu kazi iliyofanywa kabla. Gereji moja ya mjini, ambayo sitaitaja, niliwahi kuwapelekea koili mbili "wazikaze". Walizikaza kwa skrubu. Skrubu moja ilipita mbao, ikapita lami, ikaingia kwenye waya mwembamba wa ndani, na koili hiyo ikafa. Ya pili waliipaka rangi nyeusi ndani na nje ili ipendeze. Rangi nyeusi mara nyingi weusi wake ni masizi, na masizi ni kaboni ile ile niliyoitaja. Sikugombana nao, ila niliumia. Waya wa ndani ya koili ile ulisokotwa karibu miaka mia moja iliyopita na ulikuwa bado mzima mpaka siku hiyo.

Kwa hiyo nilipokwenda Kihesa nilikwenda na wasiwasi. Nilimkuta fundi anapiga randa kwenye ubao wa kitanda.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene. Shikamoo, Mwalimu." Kaka yake nilimfundisha kidato cha tatu, ndiyo maana ananijua.

"Marahaba, mwanangu. Nina kazi ndogo, lakini ina masharti."

Nikamwekea kisanduku mezani. Hakuuliza nataka kwa lini wala nina shilingi ngapi. Alikishika, akakinusa, akapitisha ukucha kwenye maungio, akauliza, "Hii mbao inabeba nini?"

Nikamwambia haibebi, inazuia umeme.

Akanyamaza kidogo. "Basi haitakiwi kuwa na maji hata tone. Na misumari siruhusiwi."

Sikuwa nimemwambia habari za misumari. Wakati huo ndipo nilipojua nimefika kwa mtu.

Alinipeleka nyuma kwenye rundo la mbao. Nyingi zilikuwa za msindano wa Sao Hill, ambazo huku ndizo rahisi kupata kwa sababu msitu upo hapo Mafinga. Alizigonga moja moja kwa kifundo cha kidole akazikataa zote: bado mbichi, zina utomvu, zitapinda. Akasema angependa mninga wa zamani, lakini wa zamani kweli, si uliopasuliwa mwaka huu. Mninga una sifa hiyo, ukishakauka haujivuti sana wala haunywei sana, ndiyo maana milango ya wazee bado inafunga. Nikakumbuka kitanda cha wazazi wangu. Ubao wa kichwani ulikuwa umevunjika, umelala stoo toka mama alipofariki. Nikamletea. Kwa hiyo leo koili za gari la baba zimevaa kitanda cha baba. Hilo limenipa furaha ambayo siwezi kuiweka kwenye bei.

Mgawanyo wa kazi tulikubaliana hivi: umeme wangu, mbao zake. Nilizitoa koili kwenye visanduku nyumbani. Ubavu mmoja wa kila kisanduku ni kifuniko cha kuteleza, na kondensa imelala chini yake. Lami niliichimba kwa kisu butu wakati wa asubuhi, ikiwa ya baridi na ngumu, inakatika vipande kama sukari guru. Ukiichimba mchana wa jua inanata kila mahali na utavuta waya. Kondensa za zamani ni za karatasi na zote nne zilikuwa zimechoka, nikaweka mpya za 0.47 mikrofaradi. Msiwe wavivu hapa. Kuweka koili ndani ya mbao mpya na kondensa ya mwaka 1924 ni kumvisha mgonjwa shati jipya.

Fundi alitengeneza visanduku vinne na mbao nzima ya ndani ya nyumba ya koili. Kona za visanduku vya asili zimeunganishwa kwa meno yanayopishana, kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Karakana yake ina msumeno wa mashine, lakini meno yale aliyakata kwa msumeno mdogo wa mkono na patasi aliyoinoa mbele yangu mpaka ikanyoa nywele za mkononi. Kabla ya kukata, alitengeneza kipande cha kupimia kutoka kwenye kisanduku kilichokuwa kizima kuliko vyote, akawa anapima kila jino kwa kipande hicho badala ya futi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema futi inakwambia milimita, kipande kinakwambia kama vitaingia.

Kukausha nilikufanya mimi. Nilichukua debe, nikatoboa matundu, nikaweka taa ya wati 60 ndani, ile ya zamani inayopata joto, nikapanga vipande juu ya wavu. Kila asubuhi nilipima uzito kwa mizani ya jikoni. Siku ya kwanza vipande vya kisanduku kimoja vilikuwa gramu 412. Siku ya tano 386, na siku ya sita 386 tena. Uzito ukisimama, maji yaliyokuwa yatoke yametoka. Nikavifunga kwenye nailoni na kukimbia navyo Kihesa siku hiyo hiyo, kwa sababu mbao kavu ukiiacha wazi inarudi kunywa hewa. Fundi akaunganisha kwa gundi na kupaka vanishi isiyo na rangi, mikono mitatu, ndani na nje, pamoja na zile ncha za mbao zilizokatwa ambazo watu wengi huzisahau. Ncha ndizo zinazonywa zaidi.

Sasa mabaya, maana yapo.

La kwanza ni muda. Aliniambia wiki tatu, ilichukua tisa. Wiki mbili kati ya hizo nazielewa: kulikuwa na misiba mfululizo mtaani, na jeneza haliwezi kusubiri koili. Nilimkuta usiku anafanya kazi kwa taa ya simu, nikageuza nikarudi nyumbani bila kuuliza kitu. Lakini wiki nyingine zilikuwa za makochi ya harusi, na simu hakupokea. Angenitumia hata ujumbe wa maneno mawili ningetulia.

La pili ni kosa la kazi. Kisanduku cha kwanza alikipiga msasa mpaka kona zikawa za mviringo, kizuri, laini, kama cha kuwekea hereni. Nilipokiingiza kwenye nyumba yake kikacheza. Koili haitakiwi kucheza, kwa sababu vitufe vyake vya shaba vinategemea kubanwa vizuri dhidi ya vile vidole vya shaba. Ikicheza, mguso unakatika barabarani kwenye kila shimo. Nilimrudishia. Hakubisha hata neno. Alikitazama, akachukua mbao iliyobaki, akaanza upya, na hakudai hela ya mara ya pili.

La tatu, alipaka vanishi juu ya vitufe viwili vya shaba. Hilo ni langu pia, nilipaswa kuvifunika kwa karatasi kabla ya kumpa. Niliikwangua kwa msasa laini. Ukienda kwake, usimwachie chochote cha shaba bila kukifunika, na usimwombe alehemu waya wala kurekebisha pointi. Atajaribu kwa moyo mwema, lakini siyo fani yake.

Bei: visanduku vinne shilingi 60,000, mbao ya nyumba ya koili 80,000 kwa sababu ina matundu mengi na yote lazima yakae mahali pake, vanishi na gundi 25,000. Jumla 165,000, na mninga ulikuwa wangu. Kwa mbao hiyo ya nyumba ya koili kuna wanaoagiza ya plastiki kutoka nje, na nakiri plastiki hainywi maji. Mwenye gari la kutembelea kila siku kwenye mvua ya Tukuyu ningemshauri achukue hiyo ya plastiki, wala asione aibu. Mimi nilitaka mbao, kwa sababu gari lilitoka kiwandani na mbao, na kwa sababu nilitaka kujua kama huku kwetu inawezekana.

Nitoke nje ya njia kidogo. Katika miaka ya 1920 Henry Ford alikuwa na misitu yake na viwanda vyake vya kupasua mbao huko kaskazini mwa Michigan, Marekani, sababu gari la wakati ule lilikula mbao nyingi sana: fremu za bodi, spoku za magurudumu, visanduku hivi. Mabaki ya mbao yakawa mengi mno, wakaanza kuyageuza mkaa wa vipande vilivyoshindiliwa, wakauza. Nilipomsimulia fundi, alicheka sana akanionyesha gunia la vipande vyake ambavyo mama lishe wa jirani huja kuchukua jioni.

Turudi kwenye koili. Kipimo changu cha kwanza kilikuwa mega, kifaa kinachopima jinsi kitu kinavyouzuia umeme (namba ikiwa kubwa, kinazuia vizuri), niliyoazima kwa mwanafunzi wangu wa zamani ambaye ni fundi umeme wa majumba. Mbao ya zamani ya koili ya tatu, kati ya kitufe na kitufe, ilisoma megaohm 3. Kisanduku kipya kitupu kilipita 200 na mshale ukaendelea kupanda. Nikarudisha koili ndani, nikaishikiza, nikamimina lami niliyoyeyusha kwenye sufuria ya zamani kwa moto mdogo sana, nikaacha ipoe usiku kucha. Halafu pointi: uwazi wake ni kama milimita 0.8, na spring unaibana au kuilegeza mpaka koili itumie wastani wa ampea 1.3. Zote nne lazima zitumie umeme sawa. Zikitofautiana, moja itawahi na nyingine itachelewa, na injini itakimbia kwa kuchechemea hata kama kila koili peke yake ni nzima. Jioni mbili nzima zilikwenda kwenye kazi hii ya pointi, na sikuona kama nimepoteza muda.

Jumamosi ya kuwasha alikuja fundi mwenyewe, na mjukuu wangu ndiye aliyepiga hendeli, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini iwake. Nilimsimamia mwenyewe: wenzo wa cheche umepandishwa juu kabisa ili cheche ichelewe, mkono wa kushoto, dole gumba liwe upande mmoja na vidole vingine na lisizungushwe kwenye hendeli, kisha vuta kwenda juu. Watu wamevunjika mikono kwa kudharau hili. Kabla hajavuta niliwasha swichi kwenye betri na tukasikiliza. Koili moja ilinguruma. Mjukuu akazungusha kidogo, ya pili ikadakia. Tulizipitia zote kwa mpangilio wa injini hii, 1, 2, 4, 3, na ilipofika zamu ya ile ya tatu nilishika mlango. Ilinguruma kwa sauti ile ile ya dada zake. Fundi alikuwa ameinamisha sikio karibu na bati. Akasema, "Kumbe ndiyo kazi yake hii."

Iliwaka mara ya pili ya kuvuta. Nikageuza swichi kwenda kwenye sumaku, na mlio ukakaza.

Tuliteremka mpaka Ipogolo na kupanda tena. Wanaoujua mlima ule wanajua ninachosema. Gari hili halina pampu ya mafuta, tangi lipo chini ya kiti na mafuta yanashuka yenyewe, kwa hiyo nilijaza kwanza. Baba alikuwa akipanda kinyumenyume siku ambazo mafuta yamebaki kidogo. Tulipanda kwa gia ya chini, malori yakitupigia honi ya furaha, silinda nne zikihesabika moja moja. Lakini jua lilikuwa linawaka siku hiyo, na kiangazi koili ya tatu haikuwahi kunisumbua.

Nilisubiri masika. Mwezi wa tatu ilinyesha kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa asubuhi, banda langu sakafu yake ililowa. Ijumaa hiyo saa moja niliwasha. Ilinguruma ya kwanza, ya pili, ya nne, ya tatu. Nilizima, nikakaa kwenye kiti cha dereva kwa muda, kisha nikampigia fundi. Siku hiyo simu alipokea.

Ukienda: yupo Jumatatu mpaka Jumamosi, Jumapili anakwenda kanisani na hafungui. Peleka kipande cha zamani hata kama kimeoza, asifanye kwa kukisia. Mwambie mbao inafanya kazi gani kabla hujamwambia ukubwa wake. Ongeza mwezi mzima juu ya muda atakaokutajia. Na usiende masika ukitaka kazi ya umeme, nenda kuanzia mwezi wa nane, hewa ya hapa Iringa ikiwa imekauka.

Wiki iliyopita nimempelekea gurudumu la mbele la kulia. Spoku zake ni za mbao pia, mbili zimelegea na moja ina ufa. Ameliegemeza ukutani karibu na benchi, ameipiga kila spoku kwa kifundo cha kidole, na bado hajanitajia bei.